Siku Tulipowaanika Fukusi

Nilitoka Bariadi mjini kwenda Nkololo kwa sababu mama alituma neno: fukusi wanamaliza mtama, na mavuno bado yako mbali. Miaka ile watu walikuwa wameshahamishiwa vijiji vya ujamaa, na yeye akapewa nyumba ya bati.

Nilifika mchana. Nilipoingia tu ndani, jasho likanitiririka. Nikatia mkono kwenye gunia, lo! Fukusi wakanipanda mpaka kiwikoni.

"Mayu," nikamwita mama, "wametoka wapi wote hawa?"

"Wamezaliwa humu humu. Kule kwetu ghala lilikuwa la nyasi, lina ubaridi, wakawa wanazaana polepole. Hili bati linawaatamia kama kuku. Wazazi hawajazeeka, wajukuu wameshatoka!"

Alitaka kuupeleka mtama mahameni, kwetu kwa zamani, akauanike mwambani. Mwenyekiti wa kijiji akakataa katakata.

"Ukirudi wewe leo, kesho watarudi wote!"

"Mwenyekiti, mimi sihami, naenda kuanika. Njaa ikiingia humu, utanilisha wewe?"

Hapo akaturuhusu. Kisha akasema jua lisituzamie huko.

Alfajiri tukapakia magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaondoka.

Tulifika mahameni asubuhi, tukangoja jua lipande utosini. Mwamba ulichoma hata nikarukaruka, mama akanicheka mpaka akashika mbavu. Tukamwaga mtama wa chakula, tukautandaza. Nikanyanyua na kikapu cha mbegu nilichokipakia mwenyewe.

"Acha!" mama akafoka. "Mwamba haubagui. Utaiua na mbegu, tupande nini? Hiyo nitaichambua kwa mkono."

Kwanza fukusi walikimbia huku na huko, wengi hata mtama ukawa kama unatembea. Baadaye wakapunguza mwendo. Baadaye wakatulia kabisa. Sikuamini macho yangu! Joto lile lile lililowazalisha, lilipozidi, likawamaliza wote mbele yangu. Nilisimama nimeduwaa, mwili ukinisisimka, nikamtaja Mungu kwa sauti. Miaka yote nimekula mtama ulioanikwa pale, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jioni tulipepeta, tukapakia, tukarudi kijijini. Mwenyekiti alikuwa amesimama njiani akitusubiri. Akazamisha mkono guniani, akautoa, akaugeuza huku na huku. Hakuna fukusi hata mmoja aliyempanda.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "huo mwamba wenu una nafasi?"

"Leta tu gunia lako, mwenyekiti. Nyumba yako nayo si ya bati?"