Mwaka wa Mapaa Mafupi

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Mwanjelwa kununua betri za redio, nikakuta vijana wa kanisa wanapakia mabati kwenye lori. Nikauliza yanakwenda wapi. Wakaniambia upepo umeezua nyumba za watu katika vijiji vya Iringa, na wao wamejitolea kwenda kusaidia kuzijenga. Nilisimama pale nikiwatazama wanavyopokezana mabati na kutaniana, mpaka mmoja akaniletea kiti, akidhani bibi kachoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimekwenda mbali kidogo. Niliwapa kitenge kipya nilichotoka kukinunua dukani, nikarudi nyumbani bila betri.

Basi nikusimulie, ndugu yangu, upepo wetu sisi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, nami nilikuwa darasa la pili katika shule ya misheni huko milimani Iringa, mahali ambapo mwezi wa Juni maji ya kwenye debe huamka na ganda la barafu. Niliishi na bibi, mama yake mama. Mama alifariki nikiwa sijaota meno, na baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, ambako alioa mke mwingine. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, bibi na mimi, katika nyumba ya miti na udongo yenye vyumba viwili. Paa lake la nyasi lilishuka chini sana, hata mtu mzima aliingia ameinama.

Nikikaa kimya bado naisikia harufu ya blanketi lake, moshi na mafuta ya nyonyo. Jioni tulipukuchua mahindi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kihehe, na ugali wa ulezi ukiiva, ukoko wa chunguni ulikuwa wangu bila mjadala. Sikuwa na ndugu wa kugombana naye. Sikuona upungufu wowote, maana sikujua kwamba watu wengine huwa wengi.

Lakini bibi alikuwa na kiburi chake. Kijijini petu moto ukizimika, lilikuwa jambo la kawaida kumtuma mtoto kwa jirani na kigae akaombe kaa. Mimi sikutumwa hata siku moja. Bibi aliufukia moto wake kwa majivu kila jioni, na asubuhi moja ulipozimika tukala viazi vya jana vikiwa baridi, akanionya nisimwambie mtu. Akiazima chumvi kijiko kimoja, alirudisha viwili. Watu walimcheka kwa hilo, kwa upendo, naye alijifanya hasikii.

Upepo ulikuja mwezi wa Desemba, mchana, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Tulikuwa uani tunaanua ulezi. Kuku walinyamaza wote kwa pamoja, bibi akainua kichwa, akanishika mkono akaniburuta hadi kwenye shimo tulikochimba udongo wa kukandika, akanilalia. Nikiwa chini ya kwapa lake nilikiona kisulisuli kikipanda mteremko, cheusi, kimebeba majani na matawi na kitu kilichofanana na mbuzi. Paa letu likanyanyuka kama kifuniko cha chungu kinachochemka, likazunguka mara moja, likaenda zake bondeni. Kuta mbili zikaanguka ndani. Halafu mvua ikaanza kunyesha juu ya kitanda cha bibi.

Nyumba tano ziliharibika siku ile, yetu kuliko zote. Hakufa mtu. Kabla mvua haijakatika, jirani yetu, mke wa fundi wa kuezeka, alifika mbio na kaa la moto kwenye kigae, amelifunika kwa jani la mgomba. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akipokea moto wa mtu mwingine. Tukahamia jikoni kwa jirani huyo, tukalala karibu na mafiga.

Kesho yake kengele ya kanisa ililia, ingawa haikuwa Jumapili. Mwinjilisti akasema kazi itaanzia kwa mjane, yaani bibi, na hakuna aliyebisha. Mwalimu akatutoa darasani tukabebe fito kutoka msituni. Wanaume walikata nguzo, wanawake walichota maji, na sisi watoto tulipewa kazi tamu kuliko zote, kukanyaga udongo. Tulishikana mabega tukaimba, matope yakitufika magotini, na nilidhani furaha ile ilikuwa kwa ajili yangu.

Desturi ya kwetu ni kwamba ukiita watu kazini unawapikia pombe, na Desemba ndipo ulanzi unapoanza kudondoka kwenye mianzi, kwa hiyo wanaume walikuwa na matumaini. Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Akapika togwa lisilolevya. Fundi wa kuezeka alilionja, akatazama ndani ya kibuyu, akasema, "Bibi, na togwa hili nyumba itasimama, lakini sisi wenyewe je?" Watu wakacheka mpaka wakaweka mashoka chini. Naye akanywa vibuyu vitatu.

Tatizo lilikuwa nyasi. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, zikiwa ndefu na kavu. Desemba zote ni changa, ukiziweka juu ya paa zinaoza kabla ya Pasaka, na zile za akiba zilikwenda na upepo. Fundi alitembea akitafuta bondeni, akarudi na kiganja kimoja cha majani yaliyolowa. Akakaa juu ya gogo kwa muda. Kisha akaenda nyumbani kwake, akasimama chini ya upenu, akaanza kuchomoa nyasi za paa lake mwenyewe, shada baada ya shada, mpaka akapata mganda mmoja. Akauleta akautupa miguuni petu. "Nyasi kavu iko huku tu," alisema, akionyesha nyumba za kijiji kizima kwa kidole.

Ningependa ungewaona. Kila nyumba iliyosalimika ilichomoa mganda kwenye upenu wake. Wazee walipandisha vijana kwenye ngazi, akina mama wakapokea chini, vumbi la masizi likiwapaka nywele. Mapaa yaliyokuwa yakishuka hadi kiunoni yalibaki mafupi, kuta zikawa wazi, na mvua za mwaka ule zilizipiga zikachirizika matope, hata wanawake wakawa wanakandika upya kila wiki. Bibi alikaa juu ya kinu chake kilichopona akitazama miganda ikirundikana. "Wanavua nyumba zao," alisema polepole, zaidi ya mara moja.

Fundi alipima nyumba yetu kwa hatua zake, mimi nikimshikia kamba, akapiga vigingi vya vyumba viwili. "Hapa bibi, hapa wewe," alisema. Nililala chini katikati ya vigingi vyangu kujaribu chumba, nikanyoosha miguu, nikaona kinanifaa. Aliniacha nilale mle mpaka mvua ilipoanza kudondoka.

Asubuhi iliyofuata nilitangulia kabla ya watu. Vigingi vilikuwa vimesogezwa. Vyangu havikuwepo, na vilivyobaki vilizunguka eneo la kitanda kimoja na njia ya kupita. Nilihesabu tena, nikidhani nimekosea mahali. Fundi alipofika na shoka lake nikamuuliza chumba changu kiko wapi. Hakunitazama usoni.

"Nyasi, mwanangu," alisema. "Nyasi haitoshi."

Siku ileile mwalimu alimwandikia baba barua kwa niaba ya bibi, aje anichukue. Bibi aliniambia jikoni kwa jirani, akinipa ukoko, kwamba Chunya kuna shule na kuna baba, na kwamba baba ni baba. Nilimwambia sitaki. Akasema anajua. Hatukuongea zaidi ya hapo, maana sote wawili tulikuwa hatujui kuongea mambo ya namna ile.

Hasira yangu yote nikaipeleka kwa fundi. Kwetu mtoto kumpita mtu mzima bila kumsalimu ni aibu inayofika mpaka kanisani, nami nilimpita. Alisema, "Kamwene, mwanangu," nikageuza uso. Kesho yake tena. Wenzangu walikanyaga udongo wakiimba, mimi nikakanyaga kimya, nikimtazama kule juu anavyofunga fito za nyumba isiyo yangu. Hakunishtaki kwa bibi. Kila asubuhi alinisalimu vilevile, akangoja kidogo, akaendelea na kazi.

Nyumba ikaisha kabla ya Krismasi, ndogo, nadhifu, paa lake lenye rangi kumi za nyasi za watu. Baba alifika Januari na lori. Bibi alinipaka mafuta ya nyonyo usoni mpaka yakaniingia machoni, akanifungia mahindi ya kuchemsha kwenye kipande cha kanga, akasimama mlangoni. Fundi alikuwapo pia, pamoja na majirani. Niliwaaga wote isipokuwa yeye. Njiani tulikula wali Chimala, wa kwanza maishani mwangu, na sikuisikia ladha yake. Kutoka Mbeya kwenda Chunya barabara ilikuwa mashimo matupu, joto likapanda, na milima ikabaki nyuma yetu.

Mama wa kambo hakunipiga wala kuninyima chakula. Alikuwa hanijui tu, na mimi nilikuwa simjui, tukaishi hivyo miaka mingi kwa adabu. Kulikuwa na watoto sita katika nyumba ile, na sijawahi kuwa mpweke kiasi kile. Nilikuwa nalala katikati ya watu nikitamani harufu ya blanketi moja. Bibi alifariki nikiwa shule ya kati. Barua ilifika wiki mbili baada ya mazishi.

Nilipokuwa tayari nesi, hapa Mbeya, nilichukua likizo nikarudi kule mlimani. Mapaa ya nyasi yalikuwa yameanza kupisha mabati, na pale petu palikuwa shamba la mahindi. Fundi naye alikuwa ameshazikwa. Mkewe alikuwa hai, amekaa uani anapepeta maharage, akanitambua kwa mwendo kabla hajaniona uso. Tulisalimiana kirefu. Nikamwambia nimekuja na jambo linalonisumbua, kwamba sikumsalimu mume wake mpaka nikaondoka, kwa sababu aliniondolea chumba.

Akaweka ungo chini.

"Nani kakwambia ni yeye? Bibi yako alirudi hapa asubuhi, giza bado, viatu vyake matope. Katoka kung'oa vile vigingi kwa mkono wake. Kasema watu wameshavua nyumba zao kwa ajili yake, yeye hawezi kuwavua tena. Mume wangu kamwambia, bibi, nyasi ipo, hata nyumba yangu yote nitaezua. Akakataa. Akasema mtoto ana baba. Halafu akamwomba asikwambie, aseme ni nyasi. Basi mzee akasema ni nyasi."

Nikamuuliza kama mumewe alinikasirikia. Akasema hapana, alikuwa akirudi jioni anasema, leo pia kaninunia, afadhali aninunie mimi.

Nilikwenda kaburini kwa fundi nikamsalimu, kwa sauti, na mtu aliyekuwa akipita na ng'ombe akanishangaa. Kisha nikaenda kwa bibi, nikakaa kwenye nyasi mpaka jua likaanza kuchoma shingo. Watu wale wa mapaa yaliyokatwa wamekwisha, na siku hizi msaada huja umefungwa, umetoka dukani, hakuna anayelazimika kuvua kwake ili akufunike wewe. Labda ni vizuri zaidi. Labda bibi angepokea mabati kwa moyo mwepesi, kwa kuwa asingeona paa la mtu likipungua. Mimi nimezeeka kuliko alivyokuwa yeye mwaka ule, na aibu yake naielewa kabisa, ninayo hata mimi. Jambo ambalo sijalisamehe ni kwamba hakuniuliza. Nilikuwa mdogo, bibi, nilikuwa nakunjika. Katika chumba kile kimoja ningetosha.