Suluhu ya Madume Watatu

Baba yangu ni kinyozi mwenye mkono mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Humnyoa mtoto anayelia bila kumkwaruza, lakini kuku akichinjwa nyumbani, yeye hutoka kwenda kununua chumvi hata kama kopo limejaa. Kwa hiyo Mama alipotangaza kwamba Jumamosi bata dume wawili kati ya watatu wataingia chunguni, Baba alishindwa kula.

Mama hakuwa na roho mbaya. Majike walikuwa wawili tu, na madume watatu waliwagombania kutwa. Majike walikwisha kunyofolewa manyoya ya shingo, mmoja alichechemea, na madume wenyewe waling'ang'aniana hadi beseni la maji likapinduka. Baba aliwapatanisha kwa akili zake: aliwafungia watatu wote kwenye kasha moja ili wayamalize wenyewe. Nusura wamalizane.

Mteja wake mmoja, mwalimu mstaafu aliyewahi kufuga, ndiye aliyejua la kufanya. Madume wahamishiwe mahali wasipowaona majike wala kuwasikia, watenganishwe kwa waya siku chache mpaka wazoeane. Mahali palikuwepo: uani, nyuma ya chumba cha kunyolea. Ila ua ule ni wa Baba na baba mdogo, ambaye pia ni kinyozi, na ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili. Waligombana kuhusu feni, ielekee kiti cha nani. Wananyoa viti vikikaribia kugusana, na neno likiwepo, hupitia kwa mteja.

Siku Baba alipouomba ua, nilikuwa pale nikifua mataulo.

"Mwalimu," Baba alisema akimnyoa kisogo, "hebu mwambie huyo bwana nauomba ua, niweke bata."

"Anauomba ua," mwalimu akasema bila kutikisa kichwa.

"Muulize bata wangapi."

"Watatu, madume," Baba akajibu kabla hajaulizwa. "Mwambie wakikosa pa kwenda, Jumamosi wawili wanachinjwa."

Baba mdogo alizima mashine. "Muulize kama ana waya."

"Sina."

"Mwambie mimi ninao. Lakini asiufunge yeye, hajui kufunga hata kamba za viatu."

"Mwambie akumbuke nani alimfunga viatu mpaka darasa la tatu."

Mwalimu alikuwa amekwisha kunyolewa. Alijipangusa, akavaa kofia, akaenda zake. Hawakumwona. Waliendelea kubishana uso kwa uso, mmoja akitaka waya uanzie ukutani, mwingine mlangoni, nami nikafua taulo lile lile mara mbili nisije nikawagutusha.

Jioni hiyo hiyo ua uligawanywa sehemu tatu, kila dume na beseni lake. Siku ya kwanza walipigana na waya. Siku ya tatu walichoka. Siku ya nne niliwakuta wamelala, kila mmoja ameuegemea waya upande wa mwenzake, kwa kiburi tu kila mmoja ametazama kwingine. Ijumaa waya uliondolewa, vinyozi wawili wakachuchumaa na mifagio tayari. Dume mkubwa alimdonoa mwenzake mkia, akamkimbiza raundi moja, kisha akaacha. Hapakuwa na wa kumgombania.

Jumamosi Mama alikuja na kapu, kisu ndani yake. Mabeseni yalikuwa matatu, lakini bata wote walikuwa wanakunywa kwenye moja. Mama aliwatazama, akalitua kapu chini.

"Waishi basi," alisema. "Lakini kwangu wasirudi."

Baba alijifuta macho kwa taulo la kazi, vinywele vikamwingia machoni na puani, akawa anapiga chafya huku analia. Baba mdogo alimwinua kidevu kama anavyomshika mteja, akaanza kumtoa nywele moja moja.

"Tulia, kaka," alimwambia.

Miaka miwili nilikuwa sijamsikia akimwita hivyo, nami pia nikahitaji taulo.