Kavetsa Alipotuwekea Seva

Mimi subira sina, na wauguzi wenzangu wote katika zahanati hii ya Kawangware wanalijua hilo. Kwa hiyo Kavetsa, msichana wa Kibera aliyekuja kutuwekea seva mpya, zile kompyuta za kutunzia rekodi za wagonjwa, nilimkemea kabla hata hajamaliza chai.

Seva zilikuwa tatu. Hakuzishughulikia moja moja. Aliandika kwenye laptopu yake kitu alichokiita profaili: mashine ya aina hii diski zake zigawanywe hivi, iwake kwa kuanzia hapa, ipewe programu hizi. Ukishabonyeza, kila mashine ya aina hiyo iliyo kwenye mtandao inajifuta na kujipanga yenyewe. Lakini asubuhi nzima alikuwa bado anaandika.

"Si ubonyeze tu? Wagonjwa wamejaa huko nje."

"Pole sista. Kuna step moja nataka kuongeza. Haraka haraka haina baraka."

"Hiyo waambie wenye homa."

Akacheka, akaongeza, akabonyeza. Mashine ya kwanza ikajifuta, ya pili, ya tatu. Kisha kwenye laptopu likatokea jibu la mashine ya nne: "Ngoja. Kuna mtu ndani."

Ilikuwa seva yetu kuukuu, aina ileile, ambayo hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Ndani yake walikuwamo wagonjwa wetu wote: nani anameza dawa za TB na amefikia wapi, mtoto gani amebakisha chanjo. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Nikaketi juu ya katoni.

Ile step yake ilikuwa kuiagiza kila mashine ijichungulie kwanza. Ikikuta rekodi, isimame na kutoa jibu lile. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Halafu nikamuuliza maneno yale ameyatoa wapi.

"Kwetu Kibera, kijiji cha Raila, tingatinga ilikuja kubomoa nyumba asubuhi. Hakuna hodi, hakuna nini. Mimi nilikuwa class two, na nilikuwa nimelala. Jirani yetu, Mama Wanzala, akasimama mbele yake akipiga nduru: 'Ngoja! Kuna mtu ndani!'"

"Wakangoja?"

"Si niko hapa, sista."

"Huyo mama bado yuko?"

"Yuko. Anauza samaki wa omena hapo Olympic, Kibera."

"Basi nikimaliza foleni unipeleke kwake," nikamwambia. "Nataka kumshukuru."