Kisanduku Kinachochelewesha Tangazo

Mwanangu Zubeir, iko asubuhi moja ambayo hainitoki, na jana uliponiomba ruhusa ya kukiondoa kile kisanduku kwenye programu yetu ya matangazo, ilinirudia yote. Ulisema kinachelewesha. Ni kweli kinachelewesha, kimewekwa kwa kazi hiyo. Nilitaka kukueleza pale pale, lakini umeme ukakatika na wewe ukaondoka zako, kwa hiyo nimekaa kukuandikia. Mambo mengine hayafai kuelezwa juu juu.

Usinione hivi leo ninavyonung'unika kila kompyuta inaposema inataka kusasishwa. Nilipokuwa na umri wako, hakuna aliyependa programu mpya kama mimi. Ikitoka leo, leo hii hii niwe nayo, iwe inanifaa au hainifai. Chumba changu cha kazi kilikuwa Malindi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na makelele ya bandarini yakiniingilia dirishani. Nikitengeneza tovuti za nyumba za wageni. Asubuhi nabadilisha picha ya kitanda, mchana mwenye nyumba anapiga simu kutaka ile ya mwanzo irudishwe. Hata hivyo kazi niliipenda, na namshukuru Mungu naipenda mpaka leo, pamoja na kisukari changu na miwani yangu.

Jumuiya ya mtaa wetu ikanipa kazi ya kuitengenezea ukurasa wa matangazo: arusi, khitma, misiba. Watu wetu wametapakaa, unawajua, na wengi wako Maskati. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Maalim Khatibu, mzee aliyesomesha watoto Kurani hapo mtaani. Ndiye pia aliyekuwa akitumwa kupeleka habari za misiba nyumba kwa nyumba. Watu wakimwona anapita taratibu saa ambazo si zake, walikuwa wanaanza kuulizana ni nani.

Basi nikapata programu mpya. Ukiandika tangazo na kulihifadhi, kila inapotimia saa kamili inalipeleka yenyewe kwenye simu za wote waliojiandikisha, wa hapa na wa ng'ambo. Niliijaribu kwa tangazo la arusi, na kabla sijamaliza chai yangu hongera zilikuwa zimeanza kuingia. Nilijiona nimefika.

Siku chache baadaye jirani alinipigia simu asubuhi kuniambia Bi Zuhura hatunaye. Alikuwa mkunga mstaafu, na vijana wengi wa mtaa walizaliwa mikononi mwake, mimi nikiwemo. Nililia. Kisha nikafuta macho nikakaa kuandika, kwa sababu maziko yalikuwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri, na nilitaka watu wajue mapema. Nikaweka jina lake, msikiti na makaburi. Nikahifadhi. Saa nne ilikuwa imekaribia.

Hapo ndipo Maalim Khatibu alipopanda ngazi zangu akihema, amekuja kunipa maneno ya kuandika. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia kwa fahari asijisumbue, tangazo liko tayari na saa nne barabara litamfikia kila mtu. Hakuitikia. Alibaki amesimama anaitazama kompyuta.

“Na Salma?” akauliza.

Salma ni binti pekee wa Bi Zuhura. Wakati huo alikuwa Maskati, anafanya kazi hospitali, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kujiandikisha, maana alikuwa hachoki kuulizia habari za nyumbani.

“Naye atalipata, Maalim,” nikasema. “Wote wanalipata pamoja.”

“Salma hajaambiwa. Kaka yake bado anamtafuta shangazi yao aliye kule kule, ende akakae naye ndo aambiwe. Wewe unataka mtoto wa watu asome kifo cha mamake kwenye simu, yuko kazini, yuko peke yake?”

Mwanangu, niliirukia kompyuta. Nilitafuta pa kulizuia lile tangazo nisipaone. Maelezo ya programu sikuwa nimeyasoma, nilikuwa na haraka ya kuitumia. Nililifuta kwenye ukurasa, lakini kwenye foleni ya kutumwa likabaki. Nikataka kuizima kompyuta, nikakumbuka kwamba programu haikai humo, inakaa kwenye seva nchi za watu, na nikizima yangu nitakuwa nimejifunga mikono. Kulitoa jina la Salma peke yake kusingesaidia kitu, kwa kuwa wengine wangelisoma na kumpigia papo hapo kumpa pole. Mwisho nikaingia kwenye akaunti ya kampuni iliyokuwa ikitupelekea ujumbe, nikabadilisha neno la siri bila ya kuiambia programu. Saa nne ilipotimia ikabisha hodi ikakataliwa, ikabisha tena ikakataliwa, na kioo chote kikajaa maandishi mekundu. Nimeandika programu nyingi tangu siku ile, lakini hakuna kazi ninayojivunia kama ile ya kuiharibu yangu mwenyewe.

Maalim ndipo akakaa, akaniitikia marahaba yangu. Sikusikia ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniliza. Alinieleza kwamba yeye hafikishi msiba kabla hajajua mhusika yuko na nani. Kama mke yuko peke yake ndani, humpitia jirani kwanza wakaenda pamoja. Akifika huomba maji, si kwa kiu, bali ili watu wapate kukaa. Halafu akaniomba maji mimi, safari hii kwa kiu kweli.

“Riziki, mashine yako nzuri, na mimi nnaitaka,” akaniambia baada ya kunywa. “Arusi zipeleke upesi utakavyo. Lakini mfiwa aambiwe na mtu, tena mtu aliyekaa karibu naye. Sisi wengine tutangoja.”

Tukangoja. Simu yangu haikutulia, kila aliyesikia msiba hapo mtaani anauliza mbona tangazo halijatoka, na wengine wakinisema kwamba mtandao wangu ni wa maneno matupu. Nilikuwa nawajibu kwa kigugumizi. Maalim akawa anavuta tasbihi yake bila ya kuniangalia. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita kaka yake Salma alipopiga: shangazi amefika hospitali, wamempa chumba, amekaa na Salma na ameshamwambia. “Sasa litoe,” Maalim akasema. Nikarudisha neno la siri, tangazo likatoka. Alasiri msikiti ulijaa mpaka barazani, na sikumsikia mtu aliyekosa maziko kwa sababu ya kuchelewa kwetu.

Salma alikuja nyumbani kwa khitma ya mama yake, akapanda mpaka chumbani kwangu Malindi. Hakuwa na habari ya kilichopita. Alikuja kunishukuru tu, akisema nilimwandika mama yake vizuri.

“Shangazi alinishika mikono yote miwili ndo akanambia,” akasema. “Tangazo lako nilikuja kulisoma baadaye, nshajua.”

Nikamwekea kiti. Nikampikia chai, tukanywa, tukamzungumza mama yake mpaka tukacheka.

Siku ya maziko yale ndipo nilipokiongeza kisanduku chako hicho kinachokuudhi: “Wenyewe wameshaambiwa?” Hakijijazi. Ni lazima mtu apige simu, aulize, asikie jibu, kisha akibonyeze. Programu nimeibadilisha mara nyingi tangu hapo, na kila mara kisanduku nimehama nacho. Maalim Khatibu ametangulia, na kila nikiswali namwombea. Angeweza kunifokea nikaichukia kazi. Alinifundisha, na nimekula mkate wa kazi hii maisha yangu yote.

Kwa hiyo mwanangu, hivi vitu vipya unavyoniletea sasa, vinavyosoma na kuandika vyenyewe, mimi sivikatai. Vimeniokolea macho na nashukuru. Vitumie. Ila jifunze namna ya kuvisimamisha kabla hujajifunza kuvikimbiza. Na kila unapotaka kukiharakisha kitu, uliza kitamfikia nani kwanza, na atakuwa yuko wapi na nani kitakapomfikia. Jibu hilo halimo ndani ya kompyuta. Nyanyua simu, au shuka ngazi uende.

Kisanduku kiache. Iko siku jina langu mimi litaandikwa kwenye tangazo la msiba, na yumkini aliyekaa mbele ya kioo utakuwa wewe. Wanangu wawili wa kuwazaa wako mbali, unawajua. Watu watakupigia, watakusema, watakuuliza mbona kimya. Wewe tulia, usibonyeze mpaka usikie kwa masikio yako kwamba wamepata mtu wa kukaa nao.

Mungu akuzidishie mwanangu, akuhifadhie macho na mikono yako, akupe habari njema nyingi za kupeleka, na zile nyingine akupe moyo wa kuzishika mpaka apatikane wa kwenda nazo. Amin.