Ukumbi Wetu wa Misiba, Woolwich

Sisi wa huku Woolwich, London, tulikuwa na ukumbi mmoja tu, na ulikuwa wa misiba. Harusi watu hukodi hoteli. Lakini mtu akifiwa na mama huko nyumbani, naye nauli hana au karatasi zake hazijakaa sawa, tulimtandikia mkeka mle ndani, tukapika, tukalia naye mpaka akaweza kumeza chakula. Zamani ulikuwa ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha, halafu mabibi wa Kizungu wakachezea humo bingo, ule mchezo wa namba, halafu tukaja sisi na masufuria yetu. Mzee wa Kizungu aliyeuangalia alikuwa akituona tu anauliza, "Nani tena?" Anatupa funguo, na pole juu yake.

Wenye ukumbi walipotaka kuubomoa wajenge fleti, kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ikaitisha mkutano wakazi waseme yao. Tukamchagua shoga yangu atusemee. Huyu si shoga wa kukutana sokoni, hapana. Tulilala chumba kimoja tukisafisha maofisi alfajiri, na alipojifungua ni mimi niliyemshika mkono. Kiingereza chake kimenyooka. Na kwetu mkishachagua msemaji, mnafunga midomo. Kumkatiza mtu wenu mbele ya wageni ni kumvua nguo.

Akashika maiki. Akasema jamii yetu imesonga mbele, watoto wetu wana mambo yao, ukumbi hatuuhitaji tena kama zamani. Ila tungefurahi kama jengo jipya lingewekewa ukuta wa picha za historia yetu, pale mlangoni. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamkazia macho, yeye akatazama dirishani.

Alipomaliza, akina mama wa nyuma, ambao Kiingereza kile kiliwapita juu kwa juu, wakapiga makofi. Si mwenzetu kasema? Mmoja akapiga na kigelegele. Jamani! Tulikuwa tunashangilia kubomolewa. Mwenyekiti wa mkutano akatabasamu, akasema anashukuru kuona jamii imeridhia. Na mimi nimekaa, adabu imenifunga mdomo.

Nilimkuta kituo cha basi.

"Mwenzangu, umetufanyia nini?"

"Dada, ukumbi ungeenda tu. Bora tuambulie kitu."

"Tuambulie, au uambulie?"

Basi likaja, akapanda. Baadaye ndipo tukasikia kwamba kazi ya malipo ya kukusanya picha za ule ukuta alikuwa ameshaahidiwa kabla ya mkutano. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu msemo huo. Sasa ulinila mimi. Na haya hana, akanipigia simu kuniomba picha zangu za zamani! Nikamkatia. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira, na wallahi mume wangu aliponiacha sikulia vile.

Ukumbi ukabomolewa. Mwaka huu mama yangu akafariki, Tanga. Nilikuwa nimetoka kupasuliwa goti, ndege siwezi kupanda. Wakamzika bila mimi, nami nikakaa msiba kwenye fleti yangu ya chumba kimoja. Watu wakaja, Mungu awabariki. Chumba kikajaa, korido ikajaa, wengine wakaketi kwenye ngazi na makoti yao magotini. Pilau ilipikwa nyumba nyingine, ikaletwa kwa basi. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, mara ya kwanza, mara ya pili. Basi tukaanza kulia kwa kunong'ona. Nimemlilia mama yangu kwa kunong'ona, kama mwizi.

Ndipo shoga yangu akaingia. Msibani hafukuzwi mtu, hata adui, na yeye anajua. Akapenya katikati ya watu, amejifunga kanga kiunoni, machozi ya kweli yanamtoka. Akapiga magoti mbele ya kitanda nilipokaa, akanikumbatia, akanipa pole. Kisha akageuka kutafuta pa kukaa. Hapakuwa na mahali. Akatazama korido, akatazama ngazi.

"Jamani," akasema, "watu wote hawa humu ndani! Kwani hamkupata ukumbi?"

Watu wote wakamgeukia. Nikamwona anavyoelewa alichosema, taratibu, kuanzia machoni mpaka mdomoni. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyaweka siku nyingi. Lakini mama yangu alikuwa amekufa, na msibani hatugombani. Nikasogeza goti langu bovu, nikampa nafasi kando yangu kitandani.