Sifuri za Bi Nyasi

Bi Nyasi, ndivyo ofisi nzima ilivyomwita, alisoma mpaka vitabu vikamwonea huruma. Shahada ya kwanza aliipata katika darasa lisilo na hata samaki wa kopo. Ya tatu aliifuata nchi ya baridi, akarudi bingwa wa bahari ya watu wengine. Baba yake, fundi cherehani, alipoelezwa kwamba binti anapima nyasi za baharini, alishusha miwani.

"Miaka ishirini na miwili ya shule, mwanangu, uje upime majani? Si ungeniambia ninunue mbuzi?"

Hakujali. Kwa miaka kumi na tisa alizamia palepale mbele ya bandari, akilaza fremu ya mabomba chini na kuhesabu mashina yaliyomo, samaki wachanga wakimchungulia usoni. Konde lile la nyasi alilijua kuliko sebule yake.

Kosa alilifanya mwaka mmoja wa mvua nyingi. Maji yaligeuka uji wa tope, hata mkono wake hakuuona. Alipaswa kuacha fomu wazi, lakini mkuu wa idara alichukia mapengo. "Wafadhili watasema tulilala." Basi akajaza sifuri. Miezi minne, sifuri tupu, na sahihi chini.

Kampuni iliyotaka kuongeza kina cha bandari ikaajiri mtaalamu: aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa mtu wa tai na kitambi. Alipekua ripoti zote kumi na tisa, akatua kwenye ile moja ya sifuri, ushahidi kwamba hakuna nyasi za kulindwa, kama inzi aliyenusa kidonda.

Kwenye kikao cha kibali cha kuchimba Bi Nyasi alisimama. "Sifuri zile maana yake sikuona!"

"Daktari," mwenyekiti akauliza, "sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Umeandika hukuona, au nyasi hazipo?"

"Hazipo. Lakini nipeni siku moja tu nizamie, niwaletee picha."

"Mama, kila ukizamia utatuletea ripoti mpya?"

Watu wakacheka. Muhuri ukagongwa.

Mwanafunzi alimfuata mlangoni. "Pole, mwalimu. Si wewe uliyetufundisha kuheshimu takwimu?"

"Na kuzamia pia. Uliogopa maji, nikakupa alama za huruma. Hilo nalo nimelitia sahihi."

Jumatatu mtambo ulianza kuchimba. Kufikia adhuhuri nyasi zilikuwa zimeelea hadi ngazi za ofisi ya bandari, mafungu kwa mafungu, mizizi juu. Mfagizi alizisukuma kwa ufagio mpaka akachoka.

"Jamani! Hizi zote zilikuwa wapi?"