Siku Tuliyowakaribisha wa Nanyuki

Asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunika mawingu na baridi ya Nyeri ilikuwa inauma vidole, lakini hatukuwa na wasiwasi. Timu za gofu za miji ya jirani zilituogopa tukichezea kwetu. Siri yetu ilikuwa kapteni, mzee aliyestaafu kazi ya benki. Grini zetu, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, hudanganya macho: unaona mpira utaenda kushoto, kumbe bonde linauvuta kulia. Yeye alisema tu, "Piga hapa," nasi tukapiga bila kuuliza.

Nilipangwa naye, tukipokezana mpira mmoja. Shimo la kwanza alinionyesha pa kulenga. Mpira ukaenda kinyume kabisa. Nikalaumu umande. La pili, vivyo hivyo. Wenzetu waliotutangulia, aliowapa maelekezo kabla ya mchezo, nao walikuwa wanashindwa, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tulipopishana na mwenzetu mmoja, daktari wa meno, alininong'oneza, "Mwalimu, kapteni ako sawa leo?"

"Ako sawa," nikajibu upesi mno.

Shimo la tano alisimama na fimbo, akaitazama miti. Wageni wetu wawili walisubiri kwa heshima, wakidhani anapima upepo. Kisha akanisogelea.

"Mwalimu, bendera yetu ni ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alianza kucheza kwenye uwanja huo nikiwa bado msichana wa shule. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, kwenye baridi ile.

"Ile ya kushoto, kapteni. Nyuma ya mikaratusi."

"Najua," akasema kwa ukali. "Nilikuwa nakujaribu."

Tulishindwa, timu nzima. Kwenye chai wenzangu walianza kulaumiana kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini: huyu hakufanya mazoezi, yule alipangwa vibaya. Kapteni alikuwa meza ya wageni, amechangamka.

"Karibuni Nyeri," alimwambia kapteni wao, mama mmoja mpole. "Mmetoka wapi?"

"Nanyuki, mzee."

Akamimina chai, akakoroga sukari, akainua kichwa. "Karibuni Nyeri. Mmetoka wapi?"

"Nanyuki, mzee," yule mama akajibu, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Kwenye meza yetu lawama zikakatika. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nikatoka hadi barazani nikampigia simu binti wa kapteni wetu, anayekaa Timau. Nilimsalimu tu, nikataja jina langu.

"Amepotea tena?" akauliza.